Nihurumie Hana Likizo

Kama kuna mtu aliyechukiwa na mji mzima na bado akala akashiba, akalala akakoroma, ni Nihurumie. Kuchukiwa ndiyo ilikuwa kazi yake, na kazi yenyewe aliipenda. Kila Jumamosi alasiri, katika ukumbi wa mabati nyuma ya soko, alipanda ulingo wa mieleka na suruali ya zambarau ya kubana, buti zilizofungwa kamba hadi magotini, joho jeusi, na kinyago cha zambarau kilichoacha macho na mdomo tu. Kinyago kilifungwa kisogoni kwa kamba iliyolowekwa maji kwanza, ili fundo likaze na mpinzani asiweze kulifungua hata kwa meno. Uso wake hakuna mshabiki aliyeujua.

Alipigana vibaya, na alipigana vibaya makusudi. Alivuta nywele, alitia watu vidole machoni, alimrukia mwamuzi mgongoni. Na alipozidiwa, hapo ndipo watu walipokuwa wanamsubiri. Alipiga magoti, akaunganisha viganja, akalia kilio cha mtu aliyefiwa, kamasi na yote. "Nihurumie, ndugu yangu! Nina mtoto! Nihurumie!" Mpinzani akalegea, akashusha mikono, akageuka amuulize mwamuzi kama mambo yamekwisha. Ndipo Nihurumie alipomzoa miguu na kumbwaga chini puu! Ukumbi mzima ulikuwa umeshapasuka koo zamani: "Usimwamini! Usimwamini!" Bibi mmoja wa safu ya mbele alikuwa akimrushia kandambili kila wiki, na kila wiki Nihurumie alimrudishia kwa adabu zote.

Aliyedanganywa mara nyingi kuliko wote ni Tofali. Huyu alikuwa kipenzi cha watu, pande la mtu mwenye kaptula ya manjano na kifua cha kubebea magunia, na kwa mpango wa promota alipewa moyo wa huruma kupita kiasi. Jumamosi hii anadanganywa, Jumamosi ijayo anaapa hadanganyiki tena, na Jumamosi inayofuata anadanganywa vilevile. Watu walimpenda kwa ujinga wake. Nje ya ulingo hao wawili walikuwa chanda na pete.

Sasa promota alikuwa na sheria yake. Mwanamieleka asionekane nje ya nyumba yake bila mavazi ya ulingo. Awe anakwenda dukani, benki au kwa fundi viatu, atavaa. Wenzake Nihurumie waliichukia sheria hiyo mpaka wakaitisha kikao kwenye chumba cha kubadilishia nguo, na Tofali ndiye aliyesimama kwanza.

"Jamani, mimi ni mtu mzima," alisema. "Juzi nimekwenda mkutano wa wazazi shuleni na kaptula hii hapa. Mwalimu ameniwekea kiti nyuma ya kabati! Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, ninyi mnataka tushinde nazo nguo zenyewe mchana kutwa!"

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu, na sheria ingekufa palepale. Lakini Nihurumie akasimama. Alikuwa na ulimi, huyo, ungemuuzia samaki maji.

"Tofali anachekesha, lakini hajasema kitu," alisema. "Mtu akikuona gengeni unachagua nyanya, unapunguziwa bei, unamsalimia mama yake, Jumamosi atakuchukia vipi? Mimi watu wananijua jambo moja tu: nikilia, nadanganya. Siku watakapojua ninavyolia nikiwa nalia kweli, hawatakuja tena kuniona nikilia kwa uongo. Tutakula nini? Nyinyi ombeni likizo. Nihurumie hana likizo."

Wakapiga kura kwa mikono. Sheria ikabaki, na promota akamkumbatia mbele ya wote. Alirudi nyumbani kifua mbele, na kinyago kichwani, akiwatumbulia watoto macho njiani kama kawaida yake.

Nyumbani hakukuwa na wa kumkumbatia. Mkewe alikuwa mpishi wa shule, mwanamke wa maneno machache na masufuria makubwa, na tangu binti yao azaliwe hakuitwa jina jingine ila Mama Chiriku. Chiriku ni mtoto wenyewe. Alipewa jina hilo kwa sababu tangu ajue kusema hakujua kunyamaza. Alizungumza akila, akioga, akipigwa sindano.

"Mimi nikitoka jikoni navua aproni," Mama Chiriku alimwambia jioni ile. "Siji kulala na mwiko."

"Mwiko haumfanyi mtu akununulie tiketi."

"Haya. Lakini mwanao alikuomba jambo dogo. Siku ya michezo shuleni, uje kama baba za wenzake. Ukaja na joho. Watoto wamemzomea mpaka kengele. Ulimsikia akisema neno njiani?"

Kweli hakusema neno njia nzima, na Chiriku kunyamaza si jambo la kawaida. Nihurumie aliliona, likamchoma, akalimeza. Alijiambia mtoto atakua ataelewa. Ndivyo watu wazima wanavyojiambia wanapokosea.

Basi mtoto akaugua. Ilianza kama tumbo la kawaida, la kula embe bichi, wakampa maji ya uvuguvugu. Likaja kuwa tumbo la kujikunja na kutapika kijani, wakambeba mbio hospitali. Daktari, mwanamke mwembamba mwenye macho ya kukosa usingizi, akawaambia utumbo umejisokota, lazima wapasue. Wamtie maji mwilini kwanza apate nguvu, kisha keshokutwa asubuhi wamwingize.

Usiku ule baba alilala kwenye kiti cha wodi akiwa na shati lake la kawaida, maana alitoka nyumbani amechanganyikiwa na sheria ya promota haikumjia hata akilini. Alfajiri Chiriku alimshika kidole.

"Baba, ile dawa ya usingizi, mtu akilala halafu asiamke?"

"Wanaamka wote."

"Wewe umewauliza wote?"

Baba akacheka, akambusu paji la uso. Mtoto hakucheka. Macho yalikuwa yamemtoka kwa hofu na midomo imekauka.

"Mimi sitaki kulala peke yangu," alisema. "Unishike mkono mpaka nilale kabisa. Halafu hata ukienda, sawa."

"Nitakushika mkono."

"Kweli? Siyo kama ya ulingoni?"

"Kweli tupu, mama. Haki ya Mungu."

Akaahidi, na aliahidi kwa moyo mmoja. Na kwa kuwa upasuaji ulikuwa kesho na leo ni siku ya matangazo ya Jumamosi, Mama Chiriku mwenyewe alimwambia aende tu, arudi jioni, kukaa wote wawili wamkodolee mtoto macho hakutamponya. Akaenda ofisini kwa promota. Akavaa joho, akavaa buti, akafungwa kinyago, akapanda pikapu ya promota pamoja na Tofali na mtangazaji mwenye spika mbili kubwa juu ya paa la gari, wakaanza kuzunguka mitaa.

Mtangazaji huyu alikuwa kijana wa miraba minne mwenye sauti ya kuamsha maiti, na kazi yake aliifanya bila kujua lolote la nyumbani kwa mtu. Walikuwa wamefika karibu na stendi ya mabasi, watu wamejaa pande zote, Nihurumie akiwatishia kwa ngumi nao wakimzomea kwa raha zao, simu ya Tofali ilipolia. Nihurumie simu yake aliiacha kwenye begi ofisini, kwa sababu suruali ya zambarau haina mfuko. Tofali akaangalia kioo, akampa simu.

"Baba Chiriku," mkewe alisema. "Hali imebadilika. Hawangoji kesho. Wanamwingiza sasa hivi."

"Sasa hivi?"

"Wanamwandaa. Anakuita. Hataki mtu mwingine, anasema umemwahidi. Njoo."

"Nakuja."

"Baba Chiriku, nakuomba. Uje ukiwa mtu."

"Nakuja, nakuja!"

Simu ikakatika. Nguo zake ziko ofisini kwa promota, upande wa pili wa mji. Hospitali iko palepale, mitaa michache tu, paa lake linaonekana nyuma ya stendi. Mtu mwenye akili timamu angefanya nini? Aliruka kutoka kwenye pikapu, joho likanasa kwenye bawaba, akalichana, akatimua mbio.

Sasa sikia mkosi. Mtangazaji alimwona adui wa watu anaruka garini na Tofali anaruka nyuma yake akimwita, naye akadhani ni mambo yao, wamebuni kitu kipya bila kumwambia. Akalipokea jambo kwa mikono miwili.

"Anakimbia! Nihurumie anamkimbia Tofali! Mshikeni mwoga huyo! Jumamosi atakimbilia wapi, jamani, Jumamosi atakimbilia wapi!"

Akampigia dereva paa la gari, na pikapu ikawafuata. Na watu wakaifuata pikapu. Wenye mikokoteni waliacha mikokoteni, wauza maji wakakimbia na ndoo zao, watoto wa shule wakajiunga kwa makelele. Nihurumie alikimbia mbele ya wote, pumzi juu juu, kinyago kimemganda usoni kwa jasho, haoni vizuri pembeni. Moyoni mwake kulikuwa na neno moja tu, na neno lenyewe ni mkono. Mkono wa mtoto. Afike aushike kabla hawajamlaza.

Akafika getini na mji mzima mgongoni.

Mlinzi wa geti alikuwa mtu wa makamo, mstaarabu, mwenye sare iliyopigwa pasi. Alikuwa pia mshabiki wa kufa na kupona. Kila Jumamosi alikaa safu ya tatu na sauti yake ilikuwa ya kwanza kusema usimwamini. Mwezi uliopita watu wa kampuni ya sabuni walikuja kucheza ngoma zao za matangazo hapo hapo, wagonjwa wakalalamika, yeye akaitwa ofisini akakaripiwa kama mtoto. Alipoona kinyago cha zambarau kinakuja mbio na spika nyuma yake, alifunga geti na kusimama mbele yake.

"Hapana, hapana, hapana. Hapa ni hospitali."

"Fungua, kaka! Mtoto wangu yuko ndani!"

Watu wakaangua kicheko. Wengine wakapiga makofi.

"Ameanza!" mtu mmoja alisema. "Mapema hivi!"

"Nisikilize," Nihurumie alishika nondo za geti. "Wanampasua sasa hivi. Nimemwahidi. Mke wangu yuko juu, mpigie mtu simu, uliza wodi ya watoto..."

"Bwana, na kinyago huingii. Hata bila matangazo, na kinyago haingii mtu. Ndiyo amri."

Nihurumie akapeleka mikono kisogoni. Fundo lilikuwa jiwe. Kamba ililowekwa asubuhi, ikakaukia juani juu ya pikapu, na vidole vyake vilikuwa vinateleza kwa jasho. Akavuta, akakwaruza, akavunja kucha. Nyuma yake mtangazaji aliendelea kubwata kwamba Nihurumie amejificha hospitali kwa kuogopa kichapo, na kwamba Jumamosi hakuna daktari atakayemwokoa.

Hapo akili zikamruka. Na mtu akili zikimruka, mwili hufanya ulichozoea. Magoti yake yalikunjika yenyewe. Alipiga magoti kwenye zege mbele ya mlinzi, akaunganisha viganja, akalia.

"Nihurumie, ndugu yangu! Nina mtoto! Nihurumie!"

We! Umati ulilipuka. Watu walirukaruka, wakakumbatiana, kwa nini wasifurahi, wameletewa bure kile wanacholipia. Na wote kwa pamoja, kama wamefundishwa na mwalimu mmoja: "Usimwamini! Usimwamini! Usimwamini!" Mlinzi naye, masikini, akajikuta anatabasamu. Akajikaza asicheke akiwa kazini.

"Unajua sana, bwana," alimwambia kwa sauti ya chini, kama mtu anayempa fundi sifa yake. "Lakini nenda. Utanifukuzisha kazi."

Nihurumie alisikia maneno yake mwenyewe yakimtoka tena na tena, na kila alivyoyasema kwa uchungu zaidi ndivyo walivyoshangilia zaidi. Alitafuta maneno mengine. Hakuyapata. Maneno yote ya mtu anayeomba alikuwa ameshayatumia ulingoni, hakubakiza hata moja la nyumbani.

Tofali akafika akihema, akasukuma watu, akasimama mbele ya geti na kaptula yake ya manjano.

"Mzee, mfungulie! Ni kweli! Mtoto wake mgonjwa, mimi namjua mtoto mwenyewe!"

Ilikuwa kama kumwagia moto petroli. "Tofali, umedanganywa tena!" walipiga kelele, wengine wakashika vichwa kwa huruma ya kweli. "Tofali, usimgeuzie mgongo! Angalia mgongo wako!" Bibi mmoja alimvuta mkono kabisa, amwepushe. Tofali aliapa kwa mama yake na baba yake. Nani angemsikiliza? Kazi yake mjini ilikuwa kuamini uongo wa mtu huyu, na mji ulikuwa umechoka kumwonya.

"Mpigie shemeji!" Nihurumie alimwambia. "Mpigie ashuke aseme neno moja tu!"

Tofali alipiga. Simu iliita mara mbili, ikakatwa. Akapiga tena, ikakatwa mara moja.

Nihurumie akainua macho. Ghorofani, kwenye dirisha la pembeni, kulikuwa na mtu. Alikitambua kitambaa cha kichwani, cha bluu, alichokinunua mwenyewe. Akainuka, akapunga mikono yote miwili, akapasua koo: "Mama Chiriku! Mama Chiriku! Niko hapa! Waambie!" Umati nao ukapunga mikono kuelekea ghorofani kwa furaha. Mtu wa kitambaa cha bluu alisimama kidogo. Kisha dirisha likafungwa.

Alifikiri mkewe anashuka. Alijishika kwa fikra hiyo kama mtu anayezama. Anashuka, anashuka, sasa yuko kwenye ngazi. Mlango wa jengo ulifunguka mara kadhaa, wakatoka watu wengine.

"Nivue," alimwambia Tofali. "Nivue hiki kitu."

"Kaka, ukivua mbele za watu, ndiyo basi. Promota..."

"Nivue!"

Tofali akaingiza vidole vyake vinene chini ya kitambaa, akavuta kwa nguvu zote. Kamba haikukatika, kilichochanika ni kinyago chenyewe, na kikatoka na ngozi ya sikio. Kwa mara ya kwanza watu wa mji ule waliona uso wa Nihurumie. Ulikuwa uso wa kawaida tu, wa mtu mwenye upara unaoanza na masharubu yasiyoota sawasawa, umelowa damu na machozi.

Watu wakanyamaza. Tofali akaona nafasi, akapanda kwenye pikapu akang'oa waya wa spika. Kwa kitambo kidogo ilionekana kama wataelewa. Halafu mtu mmoja nyuma akasema, "Si yeye. Wamemvalisha mtu mwingine. Nihurumie mwenyewe hawezi kuvua." Minong'ono ikaenea kwamba ndiyo, ni ujanja, bila shaka yule halisi ameshapitia mlango wa nyuma.

Mlinzi alikuwa ameacha kutabasamu. Alimtazama uso kwa karibu, akitafuta kitu cha kushika.

"Sasa wewe ni nani?"

"Mimi ni baba yake Chiriku."

"Kitambulisho?"

"Nguo hii ina mfuko wapi, kaka? Nitazame. Ina mfuko wapi?"

Ndipo muuguzi mmoja aliyemaliza zamu alipofika getini na mkoba wake, anataka kutoka, na njia imezibwa. Akasikia jina.

"Chiriku yupi? Yule wa tumbo? Anayesema sana?"

"Huyo huyo! Dada yangu, huyo huyo! Ana kovu chini ya kidevu, aliteleza bafuni..."

Muuguzi alimwosha mtoto mwenyewe asubuhi ile. Hakungoja amalize.

"Mfungulie huyu mtu," alimwambia mlinzi. "Mfungulie haraka!"

Mlinzi alifungua geti, na alikuwa anasema kitu, samahani labda, lakini aliyeambiwa hakuwepo tena. Alipanda ngazi tatu tatu, buti zikigonga jengo zima. Wagonjwa kwenye korido walijibana ukutani. Akakata kona ya kwanza, akakata ya pili, akafika mwisho, penye mlango wa chumba cha upasuaji.

Mlango ulikuwa umefungwa. Mama Chiriku alikuwa peke yake kwenye benchi, mikono imelala mapajani. Alimtazama uso uliolowa damu, akatazama suruali ya zambarau, akarudi kwenye uso.

"Yuko wapi?"

Akaonyesha mlango kwa kidevu.

"Wamemwingiza lini?"

"Si muda." Sauti yake ilikuwa imekauka kabisa. "Alikuwa hapa, kwenye kitanda cha magurudumu. Ameshika chuma cha dirisha, haachii. Anasema baba atanishika mkono. Daktari mwenyewe akasema haya, tumpe baba yake muda kidogo. Walikuwa wanakungoja, Baba Chiriku. Wamevaa glavu wanakungoja wewe."

"Nilikuwa getini! Nimefika zamani, nilikuwa hapo getini!"

"Najua. Nilikuona."

Akaketi kando yake.

"Nilisikia spika," mkewe alisema. "Wanatangaza Jumamosi. Watu wanacheka. Nikachungulia, nikakuona na joho lako umepiga magoti. Mara ngapi nimekuona umepiga magoti hivyo? Mimi nilikuambia uje ukiwa mtu. Nikasema, huyu ameileta mieleka yake mpaka hapa, mpaka kwenye kitanda cha mtoto. Tofali akapiga simu, nikaona na yeye yumo. Nikaikata."

"Nilikuwa nakuita wewe. Nilikuwa nasema nina mtoto."

"Kila Jumamosi unasema una mtoto!"

Alipiga kelele, kisha akajiziba mdomo kwa kiganja. Mabega yakaanza kutikisika. Nihurumie alitaka kukasirika, alitafuta hasira kila mahali ndani yake, hakuiona. Yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha, pamoja na mji mzima, wiki baada ya wiki. Alimfundisha vizuri mno.

"Chiriku alisikia sauti yako," Mama Chiriku alisema kupitia vidole. "Akaniuliza, 'Mama, yule si baba?' Akataka kuinuka aangalie. Nikafunga dirisha. Nikamwambia hapana. Nikamwambia huyo si baba, mwanangu. Huyo ni Nihurumie."

"Akasema nini?"

"Hakusema kitu. Aliachia chuma. Muuguzi akauliza, tungoje kidogo? Mimi nikasema msingoje, baba yake haji."

Wakakaa. Hakuna aliyemgusa mwenzake. Nihurumie alikuwa akilia kila wiki mbele ya mamia ya watu, machozi yakimjia akiyaita tu, na sasa alikaa na macho makavu. Alikuwa anamwomba Mungu, na hata kwa Mungu aliona aibu kusema nihurumie.

Mlango ulifunguka mapema mno. Alitoka yule daktari mwembamba, ameshusha kitambaa cha mdomo, glavu zake safi, hazina hata tone la damu. Alitazama korido juu na chini.

"Baba wa mtoto amefika?"

"Mimi hapa, daktari."

Daktari alimtazama yule mtu wa buti ndefu na joho lililochanika, sikio linavuja damu shingoni. Hakumjibu. Akamgeukia mwanamke, akangoja kusikia kutoka kwake.

"Ndiye," alisema Mama Chiriku. Akasimama, akamshika mumewe mkono, akaushika kwa nguvu zake zote. "Ndiye baba yake. Ni yeye. Mwambie."

Daktari akawaambia. Kisu hawakukigusa. Dawa ya usingizi ilipoanza kumkolea, moyo ulisimama, na wamefanya kila wanalolijua kuuamsha, haukuamka.